Nambari ya tarakimu 77 iliyo katika simu za Gusii

57896044618658097711785492504343953926634992332820282019728792003956564819949. Hiyo ndiyo nambari yenyewe, tarakimu zake zote 77, bila kufichwa hata moja. Imo katika simu ya mkulima wa chai wa Kebirigo anayeuliza kwenye kundi la WhatsApp kama bonasi imeingia. Imo pia katika simu ya mchonga mawe wa Tabaka anayemtumia mteja wa ng'ambo picha za bidhaa, na ya mwenye duka karibu na soko la Daraja Mbili mjini Kisii. Ni nambari tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kwa ufupi huandikwa hivi: 2 kwa kipeo cha 255, ukatoa 19. Daniel J. Bernstein, mwanahisabati wa Marekani, aliijengea mfumo wa usimbaji fiche aliouchapisha mwaka 2006. Kufikia Aprili 2016, WhatsApp ilikuwa imemaliza kazi ya kufunga kila ujumbe unaopita kwake kwa mfumo unaoitegemea nambari hiyo.

Maelezo tuliyoyazoea ni kwamba nambari tasa kubwa hulinda siri zetu kwa sababu ni kubwa kupita kiasi na hakuna anayezijua. Kwa nambari hii maelezo hayo hayasimami hata kidogo. Iko wazi, imechapishwa, ni ileile katika kila simu kutoka Nyansiongo hadi Norway, na mwizi anaijua sawasawa na anayeibiwa. Hoja yangu ni kinyume cha mazoea hayo: nguvu yake inatokana na uwazi. Kila sifa yake inaweza kuulizwa sababu, na sehemu kubwa ya sababu hizo inaweza kuhakikiwa kwa penseli na mwanafunzi wa sekondari wa Sironga au Mosocho, kwa hesabu za kugawanya na baki alizojifunza tangu shule ya msingi. Asiyeamini aje na penseli.

Tuanze na hiyo 19, maana ndiyo inayomtia shaka mtu makini. Kwa nini isiwe 17, au 7? Bernstein alitaka nambari tasa iliyo karibu sana na kipeo cha 2, kwa sababu tutakayoiona punde. Ukitoa nambari shufwa kwenye kipeo cha 2 unabaki na shufwa, hivyo hizo zinatupwa mara moja. Zinabaki witiri. Gawanya vipeo vya 2 kwa 3 uone baki: 2, 1, 2, 1, bila kukoma. Kwa kuwa 255 ni witiri, baki ni 2, basi ukitoa 5, 11 au 17 kinachosalia kinagawanyika kwa 3. Kwa 5, baki huzunguka 2, 4, 3, 1. Ukienda hatua 255 katika mzunguko huo unatua kwenye 3, na hapo 3 na 13 zimeanguka. Kwa 7 mzunguko ni 2, 4, 1, na kwa kuwa 255 inagawanyika kwa 3 unatua kwenye 1, hivyo 1 na 15 nazo zimeanguka. Ile 9 inaangushwa na 17, ambayo mzunguko wake una hatua nane na hatua ya saba ni 9 yenyewe. Inayosumbua ni 7 peke yake, maana haianguki kwa vigawo vidogo kama hivi, na hapo mashine inabidi isaidie kuonyesha kuwa nayo haifai. Baada ya hapo inafuata 19, na 19 haianguki.

Kuna bahati kidogo humo. Katika kimo hicho cha hesabu, nambari tasa ni takriban moja katika kila 177, kwa hiyo kuikuta baada ya kushuka hatua 19 tu ni kuikuta mapema. Bernstein mwenyewe hakudai muujiza wowote. Katika makala yake alitaja nambari sita zilizokuwa karibu na vipeo vya 2 vya ukubwa alioutaka, na sababu aliyoitoa ya kuchagua hii ni kwamba 19 ni ndogo kuliko 31, 39, 51, 79 na 95. Ni sababu kavu kabisa, na ukavu wake ndio unaonivutia.

Lakini kusema haianguki kwa vigawo vidogo si kuthibitisha kuwa ni tasa. Njia tuliyofundishwa shuleni ni kujaribu vigawo kimoja kimoja hadi kufikia kipeuo cha pili cha nambari. Hapa kipeuo hicho kina tarakimu 39. Mashine ya kujaribu vigawo trilioni moja kila sekunde ingechukua zaidi ya miaka milioni trilioni, na ulimwengu wenyewe una umri wa miaka bilioni 13.8 tu. Hapa ndipo naona mafundisho yetu ya nambari tasa yanapomwacha mwanafunzi njiani: anaondoka akidhani kwamba kujua kama nambari ni tasa na kujua vigawo vyake ni kazi moja. Ni kazi mbili, na ya kwanza ni nyepesi mno kuliko ya pili. Pierre de Fermat, katika karne ya 17, aligundua kwamba nambari ikiwa tasa, ukichukua nambari nyingine isiyogawanyika kwayo ukaipandisha kwa kipeo kinachopungua kwa 1 kuliko hiyo tasa, baki lazima liwe 1. Chukua 91, ambayo imewadanganya wanafunzi wengi kwa sura yake ya utasa. 2 kwa kipeo cha 12 ni 4096. Gawanya kwa 91, inaingia mara 45 na kubaki 1. Basi 2 kwa kipeo cha 84 nayo hubaki 1, na 2 kwa kipeo cha 90 hubaki sawa na 2 kwa kipeo cha 6, yaani 64. Si 1. Basi 91 si tasa, na tumelijua hilo bila kutaja 7 wala 13.

Mtihani huu una tundu, na ni haki kulitaja. Ipo 341, ambayo ni 11 mara 31, na inapita mtihani wa Fermat kwa 2 kana kwamba ni tasa. Kwa hiyo kupita si uthibitisho. Uthibitisho kamili wa nambari yetu unapitia jirani yake: ukiipunguza kwa 1 unapata nambari inayogawanyika kwa 4, kwa 3, kwa 65147 na kwa nambari tasa moja ya tarakimu 71. Vigawo hivyo vikijulikana, kuna kanuni zinazofunga tundu lote, na kompyuta ya kawaida humaliza kazi hiyo kufumba na kufumbua. Ile 3 unaweza kuihakiki kwa mzunguko wa baki tulioutumia juu. 65147 inahitaji subira zaidi, lakini hesabu yake inatosha ukurasa mmoja wa daftari.

Sasa ile faida ya kuwa karibu na kipeo cha 2. Simu inapofanya kazi na nambari hii huzidisha nambari kubwa mara maelfu, na kila mara inalazimika kutafuta baki. Kugawanya ni kazi nzito. Kuzidisha kwa 19 si kitu. Kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 255 huacha baki 19, simu hukata jibu vipande viwili, ikakizidisha kipande cha juu kwa 19 na kukijumlisha na cha chini. Mfano mdogo unaofanana kabisa ni 97, nambari tasa ambayo ni 100 ukitoa 3. Tuseme unataka kujua kama 5238 inagawanyika kwa 97. Usigawanye. Kata katikati: 52 na 38. Zidisha 52 kwa 3, upate 156, jumlisha 38, upate 194. Kata tena: 1 na 94, 3 na 94 ni 97. Inagawanyika. Mtoto aliyezoea kujumlisha nauli za matatu atafanya hivyo kichwani, na simu ya bei nafuu hufanya vivyo hivyo bila kumaliza betri.

Ikiwa nambari iko wazi, siri iko wapi? Swali hilo ndilo pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu, na 97 inatosha kulijibu. Tuseme mama yuko Ogembo na bintiye yuko Keroka, na wanataka kukubaliana juu ya siri huku kila mtu akiwasikiliza. Wanatangaza hadharani nambari mbili, 97 na 5. Mama anachagua siri yake, tuseme 6, na hamwambii mtu. Anapandisha 5 kwa kipeo cha 6, anatafuta baki kwa 97 na kupata 8, kisha anaituma hiyo 8. Binti anachagua 10, anafanya vivyo hivyo na kupata 53, naye anaituma. Mama anapandisha 53 kwa kipeo cha 6. Binti anapandisha 8 kwa kipeo cha 10. Wote wawili wanatua kwenye 33. Aliyesikiliza ana 97, 5, 8 na 53, lakini hana 33, na ili aipate inabidi agundue ni kipeo kipi cha 5 kilichozaa 8. Kwa 97 atajaribu vipeo vyote kabla chai haijapoa. Kwa nambari ya tarakimu 77, kujaribu vyote hakuwezekani. Wazo hili lilitangazwa mwaka 1976 na Whitfield Diffie na Martin Hellman. Mfumo wa Bernstein, badala ya vipeo, hutumia pointi za mkunjo wa mlinganyo y² = x³ + 486662x² + x, jambo lililowezesha nambari ya tarakimu 77 kufanya kazi ambayo kwa njia ya zamani huhitaji tarakimu mia kadhaa. Siri ni zile 6 na 10, na kila simu huzaa zake yenyewe. Nambari tasa ni uwanja tu ambamo hesabu hizo huchezwa.

Uwanja ukiwa wa hila, hata hivyo, wachezaji wote wameumia, na ndiyo maana sababu za kuuchagua zina uzito. Septemba 2013 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliwashauri watu waache kutumia kanuni yake moja ya kuzalisha nambari za nasibu, Dual_EC_DRBG, baada ya magazeti kuripoti, kutokana na nyaraka za Edward Snowden, kwamba shirika la ujasusi la NSA lilikuwa limeipenyezea udhaifu. Ndani ya kanuni hiyo kulikuwa na nambari ambazo hakuna aliyekuwa ameeleza zilikotoka. Hakuna aliyeweza kuonyesha kwa penseli kwamba zina hila, na hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba hazina. Hapo ndipo palipokuwa na ubaya. Mkulima anayepeleka majani kituo cha kununulia chai hahitaji kujua mizani ilivyoundwa. Anachotaka ni kuwa ining'inie mahali pa wazi, isome sufuri kabla gunia halijapandishwa, na iweze kujaribiwa kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Ile 19 inapita mtihani huo. Sababu yake ni fupi kiasi kwamba haina mahali pa kuficha kitu.

Kuna wanaouliza kwa nini isitumike kubwa zaidi, maana kubwa zipo, na Euclid alikwisha kuonyesha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba nambari tasa hazina mwisho. Oktoba 12, 2024, Luke Durant, mshiriki wa mradi wa kimataifa wa kusaka nambari tasa uitwao GIMPS, alipata 2 kwa kipeo cha 136,279,841 ukitoa 1, yenye tarakimu 41,024,320. Ni ushindi wa kupendeza. Lakini nambari hiyo haimlindi mtu yeyote. Kuiandika tu kwa lugha ya kompyuta kunachukua megabaiti 17. Simu ambayo ingelazimika kubadilishana nambari za ukubwa huo kabla ya kutuma "umefika?" ingekula bando la siku nzima, na mwenye simu angekwisha kufika na kurudi. Thamani ya nambari kama hiyo iko katika kusukuma mbele hesabu na mitambo. Tusiibebeshe kazi ya askari.

Pingamizi lililo karibu zaidi na maisha ya Kisii na Nyamira ni hili: kama hesabu ni imara hivyo, mbona watu wanaibiwa kila siku? Wanaibiwa kweli. Lakini tazama namna. Mlaghai hupiga simu akijifanya mhudumu na kuomba namba ya siri, au hujifanya ndugu aliyelazwa hospitalini, au humshawishi mtu amtajie zile tarakimu sita zinazotumwa kwa ujumbe mfupi wakati akaunti ya WhatsApp inahamishiwa simu nyingine. Tarakimu sita zinatosha kumpa akaunti nzima, na zile 77 hazikuguswa. Kadhalika, kundi la chama lenye watu mia mbili halina siri kwa maana yoyote ya kweli, kwa sababu mmoja wao akipiga picha ya skrini, hesabu zote za dunia hazitamzuia. Kwangu hili si doa kwa nambari tasa. Linatuambia imefunga mlango upi: mlango wa njiani, kati ya simu na simu. Milango mingine ni ya watu. Wako pia wanaolalamika kwamba njia hiyo iliyofungwa inawafaa hata wahalifu. Ni kweli, na hakuna hesabu inayoweza kubagua kati ya ujumbe wa mwalimu na wa jambazi. Lakini Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na faragha ya mawasiliano yake. Tundu lililoachwa kwa ajili ya polisi hutumiwa na yeyote atakayeligundua, na ile kanuni ya Dual_EC_DRBG ni mfano tosha.

Wengine watasema haya si ya kufundishia darasani, kwamba mwalimu ana silabasi ya kumaliza na mtihani uko mlangoni. Nina huruma na mwalimu, ila sikubaliani nao. Nambari tasa zimejaa mbele ya wanafunzi. Msimbo wa simu wa Kenya, 254, ni 2 mara 127, na 127 ni tasa ya aina ileile ya Durant, maana ni 2 kwa kipeo cha 7 ukitoa 1. Kaunti zetu ni 47, nambari tasa, ndiyo sababu haiwezekani kuzigawa katika kambi za kanda zenye idadi sawa, hata wanasiasa wajadiliane mwaka mzima. Kisii ikiwa ya 45 na Nyamira ya 46 kwenye orodha, ni Nairobi, ya 47, iliyoangukia utasa. Hayo ni ya kuchangamsha darasa. Lile la mzunguko wa baki, lililoangusha 17 na 15, ni hoja kamili ya hisabati inayochukua dakika kumi ubaoni, na Chuo Kikuu cha Kisii kiko jirani kwa anayetaka kuendelea nalo.

Limebaki pingamizi moja ambalo sitalipuuza, kwa kuwa wanaolitoa wana haki. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwantamu, ikijengwa kwa ukubwa wa kutosha, itaweza kurudi nyuma kutoka 8 hadi 6 hata kwenye uwanja wa tarakimu 77, na kwenye mkunjo wa Bernstein pia. Kompyuta ya ukubwa huo haijajengwa, lakini ujumbe unaweza kuhifadhiwa leo ukafunguliwa miaka mingi ijayo. Kwa hiyo matayarisho yameanza. Septemba 2023, programu ya Signal, ambayo mfumo wake ndio uliochukuliwa na WhatsApp, ilianza kufunga mazungumzo kwa njia mbili kwa pamoja: ile ya zamani ya Bernstein na mpya iitwayo Kyber. Agosti 2024, NIST ikaiidhinisha Kyber kuwa kiwango rasmi kwa jina la ML-KEM. Nayo imejengwa juu ya nambari tasa iliyo wazi kwa wote, lakini hii ina tarakimu nne tu: 3329. Ugumu wake unatoka kwingine, katika kutafuta jibu sahihi ndani ya milinganyo mingi iliyochafuliwa kwa makusudi kwa makosa madogo. Waliodhani kwamba usalama ni ukubwa wa nambari tasa watashangaa. 3329 ilichaguliwa kwa sababu ukiipunguza kwa 1 unapata 256 mara 13, sifa inayorahisisha kuzidisha, kama vile 19 ilivyorahisisha kutafuta baki. Na kuhusu utasa wake, hakuna haja ya Fermat wala ya kompyuta. Kipeuo chake cha pili hakifiki 58, kwa hiyo nambari tasa za kujaribu ni 16, kuanzia 2 hadi 53. Kwa 7 inabaki 4, kwa 13 inabaki 1, kwa 37 inabaki 36, na kwa 53, ya mwisho, inabaki 43.